Mchoro wa 1967 Bado Unaruka. Programu Yako Je?

Leo naweka kando habari za Android, seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu vindege. Sisemi hizi droni zinazopiga picha za harusi. Nasema vile vindege vya mfano vilivyoundwa kwa mbao nyepesi miaka ya 1960 na 1970, vikaongozwa kwa redio na kushindanishwa kupiga sarakasi angani. Wapo watu Marekani, Uingereza, Ujerumani na Japani ambao hadi leo wanavitafuta kwenye magereji na maghala ya wazee, wanavikarabati, kisha wanavirusha tena. Wengine hawana hata hicho kindege cha zamani. Wana karatasi ya mchoro tu, na kwa karatasi hiyo wanaunda kipya kuanzia kijiti cha kwanza.

Utauliza, hayo yanamhusu nini mtu aliyeketi Nairobi akiandika programu? Yanamhusu sana. Msimamo wangu ni huu: vindege hivi vimeishi kuliko kampuni zilizoviuza kwa sababu mbili. Michoro yake ilitolewa hadharani, na viungo kati ya sehemu zake vilikuwa rahisi kueleweka. Vitu vingi tunavyounda leo, vya programu na vya kushikika, havina hata sifa moja kati ya hizo mbili. Ndiyo maana vitakufa mapema.

Tuanze na historia kidogo, maana wengi wetu hatukuwahi kuisoma.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za vindege vya redio yalifanyika mwaka 1960 huko Dübendorf, Uswisi. Mshindi alikuwa Mmarekani, Ed Kazmirski, na kindege chake kiliitwa Orion. Rimoti ya wakati huo haikuwa na stiki laini kama za sasa. Ilikuwa na swichi. Ukibonyeza swichi, rimoti hutuma mlio fulani hewani. Ndani ya kindege kulikuwa na vibamba vyembamba vya chuma vya urefu tofauti, na kila kimoja kilitetemeka kikisikia mlio wake tu. Kibamba kikitetemeka kinagusa waya, mota inazunguka, usukani unasogea. Kwa lugha yetu, ni 0 au 1, hakuna katikati. Rubani aliyetaka kugeuza usukani kidogo tu alibonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, haraka haraka. Alikuwa akifanya kwa kidole gumba kazi ambayo leo tunaiachia chipu.

Miaka saba baadaye mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka 1967 mashindano yalifanyika kisiwa cha Corsica, na mshindi alikuwa Phil Kraft wa Marekani kwa kindege alichokibuni mwenyewe, Kwik Fli III. Sasa rimoti ilikuwa na stiki: ukiisukuma kidogo usukani unasogea kidogo, ukiisukuma sana unasogea sana. Kraft alikuwa pia mwenye kampuni ya kuunda redio hizo, Kraft Systems, huko California. Mwaka 1977, huko Springfield, Ohio, Hanno Prettner wa Austria alishinda kwa kindege kiitwacho Curare, na kufikia hapo vindege vya mashindano vilikuwa vya kasi, vyenye magurudumu yanayokunjwa ndani ya mabawa.

Kampuni ya Kraft haikuvuka miaka ya 1980. Redio zake sasa ni za makumbusho. Lakini Kwik Fli III bado inaundwa na bado inaruka. Hapo ndipo mimi kama mtu wa programu ninaposimama na kuuliza: kwa nini kimoja kilikufa na kingine kikabaki?

Jibu la kwanza ni mchoro. Miaka ile magazeti ya vindege yalikuwa yakichapisha muundo mzima. Gazeti la R/C Modeler, lililoanza 1963, lilikuwa likitoa makala ya jinsi ya kuunda kindege, kisha msomaji anaagiza kwa posta mchoro wenye ukubwa halisi, wa kutandazwa mezani. Joe Bridi alipobuni kindege chake maarufu cha Kaos, kiliwafikia watu kupitia gazeti hilo. Gazeti lenyewe lilifungwa mwaka 2005, lakini michoro ilikuwa imeshatawanyika kwenye maelfu ya nyumba. Leo watu wa kujitolea wameichanganua na kuiweka kwenye tovuti kama Outerzone, na unaipakua bila kulipa senti.

Mchoro wa namna hiyo si picha ya kupamba ukuta. Unakuonyesha umbo la kila ubavu wa bawa, unene wa kila ubao, nyuzi za mbao zielekee wapi, injini ikae kwa pembe gani, na pale hasa ambapo kindege kikiinuliwa kwa vidole viwili kinapaswa kutulia bila kuinamia mbele wala nyuma. Kwetu sisi huo ni msimbo asilia. Kuunda ni kukompaili. Na kama ilivyo kwa msimbo mzuri, ukiusoma unaelewa mawazo ya aliyeuandika. Ukitazama mchoro wa kindege cha sarakasi utaona bawa lina mviringo uleule juu na chini, na kwamba injini, bawa na mkia vimepangwa karibu vyote kwa mstari mmoja sambamba. Kwa nini? Kwa sababu kindege kinatakiwa kiruke kichwa chini sawa na kinavyoruka kichwa juu. Bawa la ndege ya abiria limeundwa likijua juu ni wapi. Bawa la sarakasi halijali. Sababu hiyo yote imo kwenye karatasi, huhitaji kumpigia simu mbunifu.

Jibu la pili ni viungo, na hapa watu wa programu mtanielewa zaidi.

Kinachosogeza usukani ndani ya kindege ni mota ndogo yenye giya, iitwayo sevo. Risiva huiambia sevo iende wapi kwa njia rahisi ajabu. Kila baada ya milisekunde 20 hivi inaituma pigo moja la umeme. Pigo likidumu milisekunde 1.5, sevo inakaa katikati. Likidumu 1, inakwenda upande mmoja. Likidumu 2, inakwenda upande wa pili. Basi. Hakuna neno la siri, hakuna akaunti ya kufungua, hakuna sasisho la kupakua. Redio za mwanzo zilikuwa na sevo za nyaya nne, lakini nyaya tatu ndizo zilizokuja kuwa kawaida: chanya, hasi, na ya pigo. Sevo ya leo ya shilingi mia kadhaa, ile inayouzwa pamoja na Arduino, inasikiliza pigo lilelile la milisekunde moja hadi mbili.

Fikiria hilo. Ni zaidi ya nusu karne, na kiolesura hakijabadilika. Mimi nina programu za miaka mitano iliyopita ambazo haziwezi kukompailika tena kwa sababu maktaba zilizotegemea zimehama, zimebadilishwa jina au zimefutwa.

Kwa sababu kiungo ni rahisi, watu wanaokarabati redio za zamani wanafanya jambo la kupendeza. Wanachukua rimoti ya miaka ya 1970 yenye kasha zuri la chuma, wanaacha stiki zake zilizong'arishwa na mikono ya rubani aliyestaafu, kisha wanatoa sakiti ya ndani na kuweka Arduino pamoja na moduli ya masafa ya 2.4 GHz. Chini ya kila stiki kuna potenshomita, ndugu wa ile volyumu ya redio ya nyumbani. Arduino inasoma nambari kuanzia 0 hadi 1023 na kuigeuza kuwa urefu wa pigo. Hesabu yenyewe ni mstari mmoja:

pigo = 1000 + usomaji * 1000L / 1023

Matokeo ni kati ya maikrosekunde 1000 na 2000. Angalieni ile L. Kwenye Arduino Uno nambari ya kawaida ni ya biti 16, mwisho wake ni 32,767. Bila L, usomaji ukifika 33 tu hesabu inafurika, na usukani unaruka upande usioutaka. Mapigo ya chaneli zote yanapangwa kwa foleni ndani ya zile milisekunde 20: chaneli 8 zikiwa zote kwenye kikomo zinakula 16, na ukimya unaobaki ndio unaoiambia risiva kwamba foleni mpya inaanza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuiandika programu hiyo kwa jioni moja. Itifaki nyingi za leo, hata mwenye shahada atachukua mwezi mzima kuzibaini, na pengine akifaulu atatishiwa mahakama.

Sasa, nisije nikawapa picha kwamba kukarabati ni mteremko. Kindege kilichokaa ghalani miaka 40 kina maradhi yake.

La kwanza ni mafuta. Injini hizi za sentimita 10 za ujazo zilichoma methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika. Mafuta hayo hukauka yakawa kama vanishi, yakaiganda injini kabisa. Mafundi wengi huilegeza kwa kuichemsha polepole kwenye maji ya rejeta yenye antifrizi. (Ni sumu. Sufuria hiyo isirudi jikoni.) Mbaya zaidi ni mafuta yaliyoingia kwenye mbao za pua, pale injini inaposhikiliwa. Mbao iliyolowa mafuta haishiki gundi. Mara nyingi dawa ni kuikata na kuweka mpya.

La pili ni betri. Zile za zamani za nikeli na kadimiamu huvuja, na kutu yake hutambaa ndani ya waya mweusi chini ya plastiki. Kwa nje waya ni mzima. Ukiuchuna, shaba ya ndani ni nyeusi na risasi ya kulehemu haishiki. Hiki ndicho kile tunachokijua kwenye programu: kitu kibovu kilichojificha chini ya kitu kinachoonekana safi. Fundi mwenye busara hapimi waya huo kwa matumaini. Anautupa wote.

La tatu ni bawa kupinda. Mbao na hariri iliyopakwa vanishi hujinyonga zikikaa vibaya miaka mingi, na bawa lililojinyonga kwa digrii mbili tu linakifanya kindege kibiringike chenyewe. La nne ni mizani. Redio za zamani na betri zake zilikuwa nzito, na mbunifu alizihesabu. Ukiweka vifaa vya leo vilivyo vyepesi, ile sehemu ya kutulia inahama. Huwezi kubadilisha sehemu moja bila kuuliza sehemu nyingine zinasemaje. Lakini tazama: mchoro unakuambia mizani ilipaswa kuwa wapi, kwa hiyo unajua pa kurudi. Huo ndio uzuri wa nyaraka.

Wapo watakaobisha. Kundi la kwanza ni la wale wanaosema ukiitoa redio ya asili umeua historia. Kwa kindege kilichoshinda mashindano yenyewe, nakubaliana nao: hicho kisiguswe, kiwekwe kwenye kabati la kioo. Lakini kwa vingine vyote, hapana. Zamani kila rubani alikuwa na chaneli yake ya masafa, na klabu zilikuwa na ubao wa vibanio ili wawili wasiwashe chaneli moja kwa pamoja. Mmoja akisahau, kindege cha mwenzake kinaanguka. Kindege cha kilo tatu kinachokwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa si mchezo kikimwangukia mtu. Redio za 2.4 GHz zinazotambuana na risiva zao zimeondoa hatari hiyo kwa sehemu kubwa. Kindege cha sarakasi ni umbo lake na mruko wake, na redio ni kiungo cha kubadilishwa. Mbunifu mwenyewe angebadilisha. Kraft hakurudi kwenye vibamba vya chuma kwa kuheshimu mila.

Kundi la pili lina hoja nzito zaidi. Wanasema: kindege cha povu gumu kilichokamilika kiwandani ni rahisi, kina chipu inayokisawazisha chenyewe, na kinamwezesha mtoto kuruka siku ya kwanza. Kwa nini umtese na gundi na wembe miezi mitatu? Kweli, vindege hivyo vimewaingiza watu wengi kwenye mchezo huu na sina ugomvi navyo. Tatizo langu ni pale sakiti ndani yake inapokuwa kitu kimoja kilichounganishwa, risiva, sevo na kisawazishi pamoja, bila maelezo yoyote, na programu yake imefungwa. Ikiungua chipu moja, kindege kizima ni takataka. Na kwa droni zinazodai programu ya simu kabla ya kuruka, siku mwenye programu akiacha kuitunza, chombo kizima kinabaki pambo. Mwaka 2080 hakuna fundi atakayekipata ghalani akakifufua, hata akiwa na ufundi wa malaika. Atakosa mchoro, na atakosa pa kuunganisha waya.

Ndipo tunapofika nyumbani. Kenya tuna utamaduni wa ukarabati ambao nchi tajiri zinauonea wivu. Peleka redio mbovu Luthuli Avenue, utapata mtu wa kuifungua. Fundi huyo anaishi kwa jambo moja: kwamba vitu vinafunguka na ndani yake vinaeleweka. Kila kifaa kinachokuja kikiwa kimefungwa kwa programu ya siri kinamnyang'anya fundi huyo mkate wake. Na wakati huohuo wanafunzi wetu vyuoni wanaunda droni za kupima mashamba, na jirani zetu Rwanda wanapelekewa damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani tangu 2016. Hii si anasa ya wazungu wastaafu tena. Swali la nani ana mchoro ni swali la nani atatengeneza chombo kikiharibika Turkana.

Mimi napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kama unaunda chochote cha kuruka au cha kuendesha mota, chagua sehemu za programu huria zilizokwisha kukomaa. Kuna ArduPilot kwa kuendesha chombo, EdgeTX kwa rimoti, na ExpressLRS kwa mawasiliano ya redio. Zote msimbo wake uko wazi. Mradi ukilala, mwingine anaweza kuuamsha.

Pili, chapisha mchoro wako. Ripoti ya mwisho wa chuo yenye picha ya droni na grafu tatu haitoshi. Weka vipimo, uzito, mahali pa mizani, jinsi nyaya zinavyokwenda, na msimbo wote. Jiulize: mtu asiyenijua, miaka 50 baadaye, bila kampuni yangu na bila simu yangu, anaweza kukiunda tena? Kama hawezi, kazi yako bado haijaisha.

Tatu, acha mishono. Usiunganishe kila kitu kuwa donge moja kwa sababu ni nafuu kwa shilingi hamsini. Mahali ambapo sehemu mbili zinakutana, weka kiungo rahisi na ukiandike. Pigo la milisekunde 1.5 si teknolojia ya ajabu, na kwa sababu hiyohiyo kila mtu aliweza kulifuata.

Na kama umevutiwa na vindege vyenyewe, karibu, ila uwe na subira. Mbao ya balsa hutoka hasa Ekwado na hapa kwetu ni adimu, lakini wanafunzi wanaweza kuanza kwa ubao wa povu wenye karatasi pande mbili, ule unaotumika kwa maonyesho. Pia usirushe kitu kabla ya kusoma kanuni. Kenya ina kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 zinazosimamiwa na KCAA. Anza kwao, kabla hata ya kuagiza vifaa kutoka nje.

Watu wa Kraft walidhani wanauza redio. Redio zimekwisha, na kilichobaki ni karatasi iliyochorwa na mtu aliyekubali wengine waione. Sisi tunaoandika programu tuna nafasi ya kubakisha zaidi ya hapo, kwa kuwa kunakili msimbo hakugharimu hata stempu ya posta. Wiki hii fungua mradi wako mmoja wa zamani, uandikie maelezo ya jinsi ya kuukompaili kuanzia sufuri, kisha mpe mtu asiyeujua ajaribu. Akishindwa, unajua kazi iko wapi.